Kulea kichanga ugenini, kisha kumpeleka kwa bibi yake

Binti yangu alizaliwa Glasgow, Scotland, mwanzoni mwa Desemba. Mwezi ule kule jua huchomoza saa tatu kasorobo asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Nimekulia kwenye nyumba ambayo mwanamke akijifungua hashiki ufagio wala mwiko mpaka arobaini yake itimie. Mama wakubwa wanakuja na sufuria zao, shangazi anachemsha maji ya kumkanda mzazi, mtoto anapokezanwa tangu asubuhi mpaka usiku, na mama yake anampata pale anapotaka kunyonya tu.

Siku ya tano baada ya kutoka hospitali nilikuwa peke yangu sebuleni. Mume wangu alikuwa zamu ya usiku. Mtoto analia, chuchu zimechanika, sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Ukaingia ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Likoni, Mombasa, tunayefahamiana huku: "Vipi mzazi, mnahitaji chochote?" Nikamjibu: "Tuko salama, alhamdulillahi." Nikaweka simu chini, nikalia pamoja na mwanangu.

"Tuko salama" ndilo jibu tulilolelewa nalo. Kwetu halina madhara, kwa sababu aliyeuliza ameshaingia ndani na anaona mwenyewe kwamba vyombo havijaoshwa. Ugenini aliyeuliza yuko upande wa pili wa mji, na akiambiwa salama anaamini. Kwa hiyo wewe mwenzangu mwenye mimba mbali na kwenu, jambo ninalotaka ulishike ni hili: huku itabidi uombe mikono ya watu, na ukienda nyumbani itabidi uwaachie watu mtoto. Yote mawili yalinishinda mwanzoni.

Gawa kazi kabla ya uchungu

Nyumbani hakuna anayeuliza kazi ipi ifanywe. Huku watu wana moyo, lakini wanasubiri waambiwe. Mimba ikifika miezi minane, chukua karatasi uandike kazi moja moja, na pembeni ya kila kazi jina la mtu na siku. Mimi niliandika kwa kuchelewa, mtoto ana siku nane, nikaibandika kwenye friji. Ilikuwa hivi: Jumanne saa nne mpaka saa sita, dada wa Likoni amshike mtoto mimi nilale. Alhamisi, mke wa rafiki yake mume wangu alete chakula cha siku mbili. Jumamosi mtu aje aoshe bafu na jiko. Kufua, mume wangu.

Ukiomba, omba kwa saa na kwa kitendo. "Njoo kesho saa nne, umshike mpaka saa sita" mtu anaelewa na anakuja. "Ukipata nafasi pitia" hakumleti mtu. Na akija, lala kweli. Usikae kumpikia chai. Dada wa Likoni alinifukuza sebuleni mara ya kwanza, akaniambia, "Mimi si mgeni, nenda kitandani." Tangu siku ile nilijua ni mtu wangu.

Usiwaruke majirani kwa kuwa si wa kabila lako wala dini yako. Tunakaa kwenye jengo la mawe la zamani, ngazi ni za watu wote, na chini yetu anaishi bibi mmoja wa Kiskoti. Alinikuta nimesimama kwenye ngazi na mtoto na mifuko miwili, nimekwama, siwezi kupanda wala kushuka. Hakuuliza. Alichukua mifuko. Wiki iliyofuata nilimgongea mwenyewe, nikamwomba akae na mtoto dakika kumi na tano nioge. Aliniambia amekaa miaka mingi bila mtu kumgongea mlango kwa shida.

Baba wa mtoto naye asiachiwe kazi ya kubeba mifuko peke yake. Scotland mtoto lazima asajiliwe ndani ya siku 21, na kama mna ndoa baba anaweza kwenda peke yake. Mpe kazi hiyo. Ahakikishe pia mkunga ameomba lile sanduku la mtoto ambalo tangu 2017 kila mtoto anayezaliwa Scotland hupewa bure: lina godoro dogo, nguo na kipimajoto. Kwetu lilipunguza gharama nyingi. Na ajue kupika uji wa pilipili manga. Mama yangu alimfundisha kwa simu, kwa heshima ya mkwe na mkwewe, mama uso umefunikwa nusu na mtandio: "Baba, koroga usiache, usije ukashika chini. Pilipili manga mwisho, baba, na samli mwisho kabisa." Mume wangu ni Mgogo, hakuwahi kuuonja maishani mwake. Aliupika siku arobaini.

Ya arobaini: lipi ulishike, lipi uliache

Mama hakuweza kuja. Bibi yangu mzaa mama amelala kitandani na yeye ndiye anayemuuguza. Kwa hiyo arobaini yangu ilikuja kwa simu, na ilinibidi nichague.

Nilichoshika: kupumzika, chakula cha moto, supu ya kuku, mwili kukaa na joto, na kutopokea wageni wa kukaa kutwa. Hayo yana faida iliyo wazi. Mkaja, kile kitambaa cha kukaza tumbo, nilifunga, lakini baada ya kumuuliza mkunga, na sikuukaza. Ukiwa umefanyiwa upasuaji, usifunge kitu juu ya mshono wala usikandwe tumbo kwa maji ya moto. Hilo usimsikilize mtu yeyote, hata akiwa na umri wa mama yako.

Kuna mengine nilimwambia mama hapana, na naomba nawe useme hapana. Asali mtoto asionje kabla hajatimiza mwaka mmoja, inaweza kubeba vijidudu vinavyomlegeza misuli mpaka ashindwe kupumua. Sisi Waislamu tunapenda kumtia mtoto utamu mdomoni siku ya kwanza. Tumia tende iliyolainishwa, kidogo sana, kama kupaka ufizi. Wanja usimpake, kwa sababu baadhi ya wanja wa asili una madini ya risasi ndani yake, nayo ni sumu. Maji hahitaji mpaka atimize miezi sita, hata ya uvuguvugu, hata ya zamzam, maziwa yanamtosha. Kitovu kikae kikavu, kisipakwe kitu. Shanga na hirizi za shingoni zinaweza kumkaba usingizini. Na alale chali, kwenye godoro gumu, peke yake.

Mama alinuna kidogo kuhusu wanja. Nikamwambia, "Mama, huku nimekaguliwa, daktari amekataza." Usibishane na mama yako kuhusu akili, mtupie daktari lawama, mama abaki na heshima yake.

Simu isiwe ya salamu

Miezi miwili ya kwanza nilikuwa nampigia mama, namwelekezea mtoto simu, mama anasema "mjukuu wangu, mjukuu wangu," mtoto anatazama dari, tunakata. Haikuwa na maana kwa mtoto. Mambo yalibadilika nilipoacha kupiga za kusalimia. Kila siku saa kumi jioni, ambapo Tanga wakati huo ni saa moja usiku, mama ametoka kusali Magharibi, nilikuwa naegemeza simu kwenye kopo na kumwogesha mtoto. Mama anaangalia tu. Mara anaimba, mara anazozana na mjomba kuhusu taa, mara ananiambia "shika kichwa vizuri". Mtoto alizoea ile sauti pamoja na maji ya uvuguvugu. Kuanzia Machi saa za Uingereza zinapobadilika, tofauti inakuwa saa mbili badala ya tatu. Panga upya, usije ukamkuta mama yuko msikitini au amelala.

Mwombe bibi arekodi sauti akibembeleza, dakika mbili tatu, kama anavyobembeleza mwenyewe. Na wewe ongea Kiswahili na mtoto nyumbani, muda wote, hata kama mtaani kote ni Kiingereza. Akienda kwao asikute lugha ngeni midomoni mwa watu wake.

Kwa simu hiyohiyo ndivyo nilivyofundishwa mbeleko. Mtoto alikuwa na miezi minne, shingo imekaza. Mama alisimama ua wa nyuma Ngamiani na mto badala ya mtoto, mimi nimesimama kando ya kitanda Glasgow, mume wangu yuko nyuma yangu mikono tayari. Tumia kitenge, au kanga iliyokwisha kufuliwa mara nyingi. Mpya bado ina wanga, inateleza. Inama mgongo ulale kama meza. Mtoto mlaze kifudifudi mgongoni, miguu imekubana kiunoni huku na huku. Mkono mmoja umshike, mwingine utupe kitenge juu yake, ukingo wa juu ufike mabegani pake. Ncha za juu zipitishe chini ya makwapa yako, uzivute, uzisokote juu ya matiti na kuzichomeka. Ncha za chini zipite chini ya makalio yake, uzifunge tumboni. Kisha inuka taratibu, ujitikise kidogo akae. Mara ya tano mama akasema, "Haya, tembea." Nilitembea mpaka dirishani na kurudi, mtoto akalala kabla sijageuka. Nilikuwa sijaosha vyombo kwa mikono miwili tangu Desemba.

Mdogo kuliko hapo mbebe mbele, uso unaonekana, kidevu kisizame kifuani. Wakati wa baridi usimvalishe koti nene ndani ya mbeleko. Nyote wawili vaeni koti moja juu.

Giza, baridi na kichwa chako

Mtoto anayenyonya huku anahitaji matone ya vitamini D kila siku tangu kuzaliwa, mikrogramu 8.5 hadi 10, kwa sababu jua halitoshi, na kwa ngozi zetu halitoshi zaidi. Wewe pia kunywa yako. Chanjo ya kifua kikuu Uingereza hawapewi watoto wote. Hupewa, miongoni mwa wengine, mtoto ambaye mzazi au bibi au babu yake alizaliwa kwenye nchi yenye ugonjwa mwingi, na Tanzania imo. Muulize mkunga mapema kama imepangwa. Ile kadi yetu ya kliniki huku ni kitabu chekundu. Kitunze kama pasi.

Toka nje kila siku, hata nusu saa. Mimi nilikuwa naogopa kumnyonyesha kwenye basi mpaka nilipoambiwa kwamba Scotland ina sheria ya mwaka 2005 inayofanya kuwa kosa kumzuia mtu kumnyonyesha mtoto wa chini ya miaka miwili mahali pa watu. Nilitandaza mtandio begani, nikanyonyesha kuanzia Govan mpaka mjini, hakuna aliyegeuza shingo.

Na hili nalisema taratibu. Machozi ya wiki ya kwanza yanawapata wengi na hupita. Yakizidi wiki mbili, ukawa huli, hulali hata mtoto akilala, au unamwangalia mwanao unaona kama wa jirani, hayo ni maradhi na yana dawa. Mwambie muuguzi anayekuja nyumbani kumpima mtoto. Scotland muuguzi huyo huja mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza, na sehemu ya kazi yake ni wewe, si mtoto peke yake. Nilimwambia wangu wiki ya sita. Nilidhani ataandika kwamba sifai kulea. Aliweka kalamu chini akaniuliza nimelala saa ngapi.

Lini umpeleke nyumbani

Sisi tulikwenda mwisho wa Agosti, mtoto ana miezi minane na nusu. Nilichagua hivyo kwa sababu kadhaa. Likizo ya uzazi Uingereza inafika wiki 52 lakini malipo hukoma wiki ya 39, nikataka safari iangukie mwisho wa malipo. Masika yamekwisha, joto la kiangazi halijaanza. Mtoto ameanza kula, kwa hiyo bibi atapata cha kumlisha. Mwenye mtoto wa miezi mitatu atakuambia safari yake ilikuwa nyepesi kuliko yangu kwa kuwa anabeba maziwa kifuani tu, na ni kweli, lakini mtoto huyo bado hajapata chanjo za kutosha. Ningeulizwa mimi, subiri apite miezi sita.

Anza na karatasi miezi mitatu kabla. Pasi ya mtoto ya Uingereza hudumu miaka 5. Kwa picha, mlaze juu ya shuka jeupe umpige kutoka juu. Wa chini ya mwaka mmoja si lazima awe amefumbua macho. Akisafiri kwa pasi hiyo anahitaji visa yake mwenyewe ya Tanzania, hata kama anabebwa mapajani. Ukisafiri bila baba yake, beba barua ya baba yenye saini na nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Wiki sita hadi nane kabla, nenda kliniki ya wasafiri. Chanjo ya surua kwa kawaida huku hutolewa akitimiza mwaka, lakini anayesafiri anaweza kupewa dozi ya mapema kuanzia miezi sita, na zile za kawaida atapata baadaye vilevile. Homa ya manjano: ndege inayopitia Addis Ababa au Nairobi inaweza kuleta suala la cheti kama mtoto ametimiza mwaka na mmekaa huko zaidi ya saa 12. Sisi tulipitia Dubai, halikutuhusu.

Malaria ndiyo ninayotaka uikalie kitako. Sisi tuliokulia Tanga tunaisema kama mafua, "nina malaria kidogo." Mtoto aliyezaliwa Glasgow hana hata chembe ya kinga tuliyokuwa nayo. Na wewe mwenyewe ukikaa nje miaka kadhaa kinga yako imepungua. Kunyonya hakumkingi. Dawa za kinga za watoto hupimwa kwa uzito, kwa hiyo apimwe kilo karibu na safari. Usimpe kipande cha kidonge chako. Kuna ya kumaliza wiki moja baada ya kurudi na kuna ya kuendelea wiki nne, usikatishe. Beba chandarua chenye dawa kutoka huku kama huna uhakika na cha nyumbani. Kuanzia Magharibi mikono mirefu na soksi.

Ndege: mtoto wa chini ya miaka miwili akikaa mapajani, mashirika mengi hutoza kama sehemu ya kumi ya nauli yako. Kitanda kidogo cha ukutani hakipatikani kwa kubonyeza kwenye tovuti tu. Piga simu, uliza uzito wa mwisho wanaokubali. Mnyonyeshe ndege inapopaa na inaposhuka, masikio yasimuume. Maziwa na chakula cha mtoto huruhusiwa kupita ukaguzi hata vikizidi mililita 100. Kiti cha gari mashirika mengi hukibeba bure, kibebe. Kigari cha kusukuma acha, mchanga wa Ngamiani haukitaki, na mbeleko unayo. Pampasi beba za siku tatu, nyingine utanunua dukani.

Usitue Dar es Salaam na kuunganisha siku hiyohiyo. Kutoka Dar mpaka Tanga ni kama kilomita 350, kupitia Chalinze na Segera, na basi linakula saa sita au zaidi. Tulilala kwa mama mdogo, tukakodi gari asubuhi ili kiti cha mtoto kifungwe mkanda. Tulipofika Muheza wauza machungwa walisogelea dirisha, binti yangu akanyoosha mkono kuchukua kama aliyewahi kufika.

Kumkabidhi

Nilikuwa nimeota siku nyingi jinsi mama atakavyompokea. Tulipoingia uani, watu kama kumi na tano, vigelegele, kila mtu mikono mbele. Mtoto akapiga ukelele, akanikaba shingo. Alikuwa na umri uleule ambao watoto huogopa nyuso ngeni. Shangazi akasema, "Mpe bibi yake, atazoea akilia." Nikaanza kumbandua mikono.

Mama akasema, "Mwache."

Akatandika mkeka kivulini chini ya ukuta, akachukua ungo na mchele, akakaa ametupa mgongo nusu, hatutazami. Akaanza kupeta. Chaa, chaa, chaa. Na huku akiimba kwa sauti ya chini ileile ya saa kumi jioni, ya wakati wa kuoga. Mimi nikakaa ukingo wa mkeka, mtoto mapajani. Ukelele ukawa kwikwi, kwikwi ikakata. Akamkodolea bibi yake macho mgongoni. Baada ya muda alishuka mapajani, akatambaa, akasimama, akatambaa tena, akafika akatia kiganja ndani ya mchele. Mama hakumshika. Alisogeza ungo karibu naye, akaendelea kuchambua chuya. Mchana ule mtoto alikula ubwabwa na samaki changu kutoka kwenye vidole vya bibi yake, na mimi nilikuwa nimelala chumbani.

Kwa hiyo waambie watu kabla hamjafika, kwa sauti ya kuwatumia kwenye kundi la familia: asinyang'anywe, asipitishwe mikononi siku ya kwanza. Mtu akae karibu ashike kazi yake, mtoto atakuja.

Baada ya hapo kazi ni yako, kuachia. Siku tatu za mwanzo nilikuwa namfuata mtoto kila anapobebwa. Huyu amenawa? Huyu anamlisha nini? Amelala saa ngapi? Mama akaniita jikoni. "Umekuja kupumzika au umekuja kumlinda?" Sikuwa na jibu. Usiku ule nikachagua mambo matatu ambayo sitayaachia, nikayataja mbele ya wote, tena kwa adabu: alale ndani ya chandarua kila usiku na kila mchana; maji yake na ya uji yawe yamechemka; na akipata joto niitwe hapohapo, hata kama nimelala. Mengine yote niliwaachia. Saa za kulala, walipanga wao. Nywele, shangazi alizisuka. Uji wa lishe walimpa, nilichouliza ni kama una karanga tu, kwa sababu hiyo nilitaka aionje kwanza mbele yangu. Alilala mgongoni kwa binamu yake wa miaka kumi na miwili akiwa anacheza rede. Alirudi kwangu amejaa vumbi mpaka kope.

Ukiwakatalia watu mambo ishirini, watakuficha yote ishirini. Ukiwaomba matatu, watakushikia. Mjomba wangu, mtu ambaye sijawahi kumwona akishika mtoto, ndiye aliyekuwa akichomeka chandarua chini ya godoro kila jioni.

Siku ya kumi na mbili joto lilipanda mpaka 38.4. Jirani akasema ni meno. Usikubali meno, wala mafua, wala jicho la mtu, kabla ya kipimo. Tulikwenda zahanati usiku uleule, akatobolewa kidole, baada ya dakika kama ishirini majibu yakawa hana malaria, kisha akaonekana ana maambukizi ya sikio. Beba kipimajoto chako, na pakiti kadhaa za chumvichumvi za kuharisha. Jua mapema zahanati gani inafanya kazi usiku na nani ana gari.

Kuhusu zawadi sina mengi. Waambie mapema umekuja na mtoto, sanduku lako lina nguo zake. Watu wanaelewa kuliko tunavyowadhania.

Bibi yangu hasikii vizuri na haoni vizuri. Kila alfajiri mama alimlaza mtoto kando yake kitandani, yeye anampapasa miguu, anahesabu vidole kwa sauti. Anafika kumi anaanza tena. Fanya nafasi ya jambo kama hilo, hata kama ratiba imejaa mialiko.

Mkisharudi

Homa yoyote baada ya kurudi, hata miezi imepita, mpaka kama mwaka mzima, mwambie daktari neno la kwanza: "Tumetoka Tanzania." Huku hawaifikirii malaria usipoitaja. Usiku Scotland unapiga 111, simu ya huduma ya afya.

Wiki ya kwanza mtoto atalia jioni, pale alipozoea nyumba iliyojaa watu. Rudisha simu kwenye kopo siku ileile mliyofika, usingoje mpaka upange vitu. Karatasi ya friji irudi nayo. Dada wa Likoni alikuwa ameshajiandikia Jumanne yake kabla hatujatua.

Na siku ya kuondoka, mwombe bibi kanga aliyoshinda nayo jikoni, yenye moshi wa kuni na nazi. Itie kwenye mfuko, ufunge fundo, iweke kwenye mzigo wa mkononi, si kwenye sanduku. Mtandikie mtoto chini yake usiku wa kwanza, uikaze vizuri pembeni ya godoro. Usiifue mpaka yeye mwenyewe aiache.